Bi Harusi, Pumu ya Ngozi si Uchafu



Wiki iliyopita alikuja bi harusi kupimwa gauni. Alitaka mikono ifike mpaka vidoleni. Nikadhani ni stara tu, mashaallah. Nilipomwambia akunje mkono nione kama kitambaa kinambana, ndipo nikaona: kwenye kikunjo cha kiwiko ngozi imekauka, imechubuka kwa kujikuna, imekuwa nyeusi. Akatoa tyubu kwenye mkoba. "Usijali dada, napaka hii. Ina antibayotiki, inaua vijidudu."

Moyo ulinipiga paa. Tyubu kama ile nilizimaliza mie kabla ya harusi yangu, tena si moja.

Nina pumu ya ngozi tangu utotoni. Miezi mitatu kabla ya harusi ilinipanda vibaya. Ndani ya nyumba wakawa wananong'ona kuwa sikogi vizuri. Nikaenda duka la dawa, nikapewa tyubu bila kuulizwa kitu. Siku ya nne muwasho ukakata. Nikaacha, ukarudi. Nikapaka tena, na tena, hata baada ya harusi. Mwishowe ngozi ya kikunjo ikawa nyembamba kama karatasi, ikatoka michirizi ambayo mpaka leo ninayo. Na linaloniuma zaidi, niliwaelekeza wateja wangu wawili wanunue hiyo hiyo.

Daktari wa ngozi alilisoma boksi mbele yangu. Dawa tatu ndani ya tyubu moja: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki. Akaniambia kilichonipoza ni steroidi, na ndiyo hiyo hiyo iliyonimaliza ngozi kwa kuipaka bila kipimo. Antibayotiki haikuwa na kazi, kwa sababu sikuwa na maambukizi.

Mashoga, pumu ya ngozi haitokani na uchafu wala haiambukizi. Ngozi yetu ni dhaifu, haishiki unyevu, na kinga ya mwili inaiwasha moto kutoka ndani. Ni kweli bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hupenda kukaa kwenye ngozi za namna hii, ndiyo maana watu hudhani tukimuua tu tutapona. Lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2017, kwa watoto ambao pumu yao ya ngozi ilionekana kuwa na maambukizi madogo, haukuona faida ya maana ya kuongeza antibayotiki, ya kunywa wala ya kupaka, juu ya matibabu ya kawaida. Na ukiipaka ovyo, bakteria wanaizoea. Siku utakayoihitaji kweli, haifanyi kazi. Nyingine, kama neomisini, zinaweza zenyewe kukuletea mzio.

Zipo siku inahitajika. Ukiona usaha, maganda ya rangi ya asali, maji yanachuruzika, au una homa, nenda hospitali. Na vikitoka vipele vidogo vya malengelenge vyenye maumivu na vinaenea haraka, usingoje kesho. Huenda ni kirusi, na antibayotiki haikitibu.

Mie sasa nafanya hivi. Nikishatia udhu najipangusa taratibu bila kusugua, kisha napaka mafuta mazito yasiyo na manukato, kila udhu. Steroidi napaka ile niliyoandikiwa, kwa siku nilizoambiwa. Singo sipaki penye mchubuko, hata somo akikasirika. Piko nimeiacha kabisa, maana ile dawa yake nyeusi inaweza kuunguza hata ngozi nzima. Hina ya majani najaribu kidogo kwanza. Mtume wetu (SAW) ametuhimiza kutafuta dawa, na kuuliza ni sehemu ya kutafuta.

Yule bi harusi sikumwambia aitupe tyubu, kwani aliyeitumia muda mrefu asiache ghafla bila ushauri. Nilimwambia aipeleke kwa daktari pamoja na boksi lake. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yeye akijua, dada?"

Nikamwambia, mwanangu, hiyo mikono ataishi nayo. Utaificha siku moja kwa leso na mikono mirefu, siku ya pili je? Bora ajue mapema, akitokea mwenyewe kinywani mwako. Mie wangu ndiye anayenikumbusha mafuta nikisahau.

Juzi alirudi kupima mara ya pili. Daktari amembadilishia dawa na kumpa mafuta. Viwiko havijapona, ila hajikuni tena kama mwanzo. Mchumba ameshaambiwa, alichouliza ni kama inauma. Nimemtilia bitana ya pamba ili neti isimkwaruze. Mikono ya gauni tumeipunguza, sasa inaishia kwenye kifundo.

Mwombeeni afya na ndoa yenye kheri. Wabillahi tawfiq.