Kung fu isiyo na mateke
Kijana wa Makambako ukimtajia kung fu, akili inakimbilia kibanda umiza: mateke, kelele, mtu karuka ukuta. Sasa huyu Zheng Manqing alikuwa mwingine kabisa. Kifua kikuu kilimbana ujanani huko China, akashika tai chi ili apone. Akaja kuwa tabibu na mwalimu, akafupisha mtindo wa Yang hadi mikao 37. Miaka ya 1960 alifundisha New York, Wachina na wasio Wachina, japo kuna wenzake walionuna.

Alifariki 1975, mwaka ambao Wachina walikamilisha ujenzi wa reli ya TAZARA inayopita Makambako. Treni zilifika, tai chi wala haikushuka stesheni! Na baridi ya Njombe ilivyo na magoti ya wazee... Mwaka 2012 utafiti wa Marekani ulionyesha wagonjwa wa Parkinson waliofanya tai chi kwa miezi sita walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu viungo. Bibi yako je, bado anashika ukuta akiinuka?