Acheni kumhubiria dada wa Butembo

Kuna mtindo umeshika kasi miongoni mwetu tulioko Ulaya, na kila ukinipitia machoni unaniudhi upya. Dada anasimama mbele ya kamera, Brussels au Paris, nywele hazijatiwa dawa, uso haujaguswa na poda, anawaambia wadada wa nyumbani wajipende, waache mkorogo, wabaki vile Mungu alivyowaumba. Maneno matamu, na ngozi yake kweli inang'aa. Lakini tazama kilicho nyuma ya urembo huo: siagi ya kakao, siagi ya shea, sabuni isiyo na manukato, mafuta ya kukinga jua, na msusi aliyebobea katika nywele za asili ambaye malipo yake si ya mchezo. Uasili huku ni bidhaa, tena si ya bei ya chini. Na kakao hiyo hulimwa wapi? Sehemu yake hutoka kwetu mashariki mwa Kongo, Mangina na vijiji vingine vya Mabalako, Oicha, Beni nzima, ambako familia ziligeukia kakao baada ya mnyauko kuangamiza kahawa ya robusta. Nyingi huvuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda ikiwa punje kavu ndani ya magunia. Mama aliyeivuna akienda sokoni Butembo kutafuta cha kujipaka, hakutani na siagi ya kakao. Anakutana na chupa inayomwahidi rangi nyingine.

Kwa hiyo sikubaliani na hoja iliyojificha ndani ya mahubiri hayo, kwamba aliyeko Ulaya ameelimika na kujipenda, na aliyebaki nyumbani bado ana utumwa kichwani. Wanawake ni walewale. Tofauti iko kwenye rafu ya duka. Umoja wa Ulaya uliondoa kemikali ya haidrokwinoni katika vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001. Zebaki katika vipodozi ilikuwa imekatazwa tangu 1976, isipokuwa kiasi kidogo katika vipodozi fulani vya macho. Na klobetasoli, ile dawa kali ya ngozi, haitoki famasi bila karatasi ya daktari. Sheria hizo hazikufuta tamaa. Mahakama za London zimewatoza faini wenye maduka ya Peckham kwa kuuza krimu hizohizo, na asiyejua kwamba katika vichochoro vya mtaa wa Matonge, Brussels, ukiuliza kwa sauti ya chini unaweza kuletewa kitu kutoka nyuma ya duka, basi hajakaa Brussels. Tamaa tumekuja nayo. Tulichokikuta huku ni kwamba mwenye duka anaogopa, chupa zinafichwa, bei inapanda, na msichana wa miaka 16 anayenunua sabuni hakutani nazo kwa bahati mbaya. Kumbe huo ujasiri wa kubaki asilia unaosifiwa mbele ya kamera, nusu yake ni kazi ya mkaguzi wa bidhaa ambaye hatumjui hata jina.

Tena Ulaya yenyewe isijitie usafi. Sabuni za zebaki, ambazo Mzungu hakuruhusiwa kuuziwa, ziliendelea kutengenezwa Ulaya kwa miaka mingi ili zipelekwe Afrika, na ni mwaka 2003 tu Umoja wa Ulaya ulipokataza kuzisafirisha nje. Fikirini hilo kidogo. Kwa zaidi ya miaka 25 kitu kilikuwa sumu upande huu wa bahari na kipodozi upande ule. Afrika Kusini, kwa upande wake, ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaitangulia Ulaya kwa karibu mwongo mzima. Kwa hiyo anayesema ulinzi wa ngozi nyeusi ni fikra ya kuletwa na wazungu, ameisoma historia kichwa chini.

Hasara tunazijua, ingawa kwetu hutajwa kwa kicheko: vidole vyenye rangi mbili, vifundo vilivyobaki vyeusi. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi humgeuka mwenyewe, ngozi ikatoka madoa ya buluu na kijivu yasiyofutika, na hapo mtu huongeza dozi ili kuyaficha. Klobetasoli huikondesha ngozi, huipasua michirizi, na kufanya kidonda kichelewe kupona. Mwulize daktari yeyote aliyemshona mama baada ya kujifungua kwa upasuaji huku ngozi ikiwa laini kama karatasi iliyolowa. Sasa weka hayo yote Butembo, mji wa milimani karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambako mwanamke anashinda juani shambani au sokoni. Melanini aliyoilipia ili iondoke ndiyo ilikuwa kinga yake dhidi ya jua. Dada wa Brussels anaishi chini ya mawingu miezi mingi ya mwaka, na bado anapaka mafuta ya kukinga jua.

Nitaambiwa kila mtu ana haki juu ya mwili wake: mbona mwanamke wa Kizungu hulala juani hadi awe kahawia, hupaka nywele rangi, na hakuna anayemwandikia makala? Hoja ina uzito, na mimi sina ugomvi na urembo. Mababu zetu wa Kongo walijipaka unga mwekundu wa mti wa ngula na mafuta ya mawese. Pwani bibi harusi husingwa kwa singo na liwa, hupakwa wanja na hina. Anayehubiri kwamba mwanamke wa Kiafrika wa kweli hakujipaka kitu, amebuni Afrika yake mwenyewe. Lakini wanja huoshwa jioni, na hina hufifia. Klobetasoli haioshwi. Na hata huo uhuru wa Mzungu wa kubadili rangi una mipaka: Ubelgiji na Uingereza zimewakataza walio chini ya miaka 18 kutumia mashine za kuchoma ngozi iwe kahawia. Uhuru wa kuchagua unataka angalau maandishi ya kweli kwenye chupa. Kwetu chupa nyingi hazina hata hayo.

Hoja ngumu zaidi ni ya soko la watu, si la bidhaa. Mwanamke mweupe kidogo, maji ya kunde, husifiwa harusini na kuwekwa mapokezi ofisini. Mwigizaji Lupita Nyong'o alisema mwaka 2014, mbele ya dunia, kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe. Huyo alikulia Kenya, katika nyumba ya wasomi. Ikiwa dua hiyo ilimfikia yeye, binti wa Mabalako atajikinga kwa nini, kwa video ya dakika moja? Angalieni wenzetu wanavyofanya: California ilipitisha mwaka 2019 sheria ya kumzuia mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya nywele zake za asili, na Machi 2024 wabunge wa Ufaransa wakapitisha muswada wa mwelekeo huohuo. Hawakumwambia mwanamke ajipende tu. Walimgeukia anayemwadhibu kwa kujipenda.

Hapo ndipo husikika lile jibu la uchovu: Kongo hakuna serikali, vita haviishi, nani atahangaika na krimu? Mimi nakumbusha Mabalako. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na tarehe 8 chanjo ilikuwa imeanza Mangina. Palipotokea ukaidi, na Butembo na Katwa ulikuwa mkali, mara nyingi ulilainika pale wenyeji walipopewa nafasi ya kusema na wenyeji wenzao. Kwa hiyo tusiambiwe ujumbe wa afya haufiki. Rwanda iliingia masokoni Januari 2019 na kukusanya mikorogo hadharani. Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilidai marufuku ya haidrokwinoni mwaka huohuo, na Kongo imejiunga na Jumuiya hiyo tangu 2022. Duane iko Kasindi, OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, iko Kasindi, na malori yanasimama pale hata hivyo.

Basi, wadada wenzangu wa Ulaya, zimeni kamera kidogo. Waandikieni wabunge wa mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini, ulizeni ni lini chupa hizo zitapimwa mpakani. Zungumzeni na wafanyabiashara wa Butembo, ambao wengi ni kaka na wajomba zetu na wanajua vizuri wanachopakia. Na ukituma kifurushi nyumbani, mtumie shangazi mafuta ya nazi au siagi ya kakao, usimtumie ile krimu anayokuomba kila Desemba, hata akikununia.