Mashine ya Kuigiza
Alama za walimu waliopita mikononi mwangu chuoni zimo katika Windows 95, na baadhi yao wanazihitaji kuthibitisha vyeti. Mjukuu wangu aliufungua mfumo huo kwa kiigizi, programu inayojifanya mashine ya zamani. Ukagoma. Sehemu yake ya mtandao, ndani kabisa ya kiini, hupima muda wa mzunguko fulani wa hesabu. Prosesa ikizidi gigahezi 2.1, muda husomeka sifuri, nayo hugawanya kwa sifuri! (Ningelipigia mstari mwekundu.) Kiigizi kile kiliazima prosesa mpya yenyewe: kilitii kila amri, kikasahau uzee. Tukahamia Bochs, inayoiga amri moja moja, taratibu. Mfumo ukaamka. Orodha moja hufunguka kahawa ikipoa. Mjukuu hunung'unika, mimi nanakili majina.