Mchicha wa Nazi: Kitoweo cha Siku Samaki Ghali



Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunasikia mengi. Bibi harusi akija kupimwa ataulizia rangi, ataulizia shanga, na mwisho, sauti ikishuka, ataulizia la jikoni: "Dada, siku hela haipo nitampikia nini?" Wengi wanaona aibu kumtengea mume wali na mboga tu, wanaogopa kusemwa na mawifi. Mwengine huenda kukopa dukani ili sahani ionekane na nyama. Deni la leo la kilo moja, kesho linakuwa ugomvi chumbani.

Dada zetu, tukumbuke aliyotupokelea Jabir katika Sahih Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliomba kitoweo nyumbani kwake, akaambiwa hakuna ila siki. Akaitaka hiyo hiyo, akaila huku akiisifu. Kama siki ilitosha kuwa kitoweo katika nyumba ile, mchicha wa nazi una aibu gani katika nyumba zetu?

Sisi tunaupenda hasa wakati wa kusi, bahari ikichafuka na samaki wakipanda bei. Na tukifunga cherehani jioni tumechoka, hauchukui hata saa nzima.

Kwa watu wanne tunatumia mafungu matatu ya mchicha, nazi moja, kitunguu maji kimoja, tungule mbili, punje mbili za thomu, chumvi na kipande cha ndimu. Pilipili mbuzi tunaitia nzima, isipasuke, itoe harufu tu.

Mchicha tunauchambua, tunatupa mashina magumu, kisha tunauosha maji matatu, maana mchanga hujificha kwenye majani. Tunauosha kabla ya kuukata. Ukikatwa kwanza, utamu unakwenda na maji.

Nazi tunaikuna, tunaikamua kwa maji kidogo ya vuguvugu kupata tui zito, tunaliweka kando. Tunatia maji tena kwenye chicha lile lile, tunapata tui jepesi. Asiye na mbuzi ya kukunia atumie blenda, kisha achuje vizuri.

Sufuriani tunatia tui jepesi, kitunguu, tungule, thomu, pilipili na chumvi. Vikishalainika na maji kupungua, tunatia mchicha bila kufunika. Dakika tano au sita zinatosha, rangi ibaki kijani. Hapo tunapunguza moto, tunatia tui zito na kukoroga taratibu bila kuacha, mpaka litokote kidogo. Moto ukiwa mkali na mkono ukasimama, tui linakatika, mchuzi unakuwa mabonge na maji. Tunaepua, ndimu tunaikamua mwisho.

Kwa wali, kwa ugali, hata kwa muhogo wa kuchemsha, unakwenda. Ukibaki na dagaa wakavu kidogo, wakaange, uwanyunyize juu.

Tena, bibi harusi, utenge vizuri. Bakuli safi, mkeka umekunjuliwa, maji ya kunawa tayari, na uso wako mkunjufu. Usianze kuomba radhi kwamba leo hakuna nyama. Mwenye kukiombea radhi chakula chake anamfundisha mlaji kukidharau.

Na waume wakitusikia, wao pia wana fungu lao. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakukitia kila chakula ila hata kimoja. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Nyumba inayoshika sunna hiyo haivunjwi na bakuli la mchicha.

Sisi tunawashonea nguo ya siku moja. Sufuria ni ya maisha, na mke anayeweza kulisha watu kwa kilichopo bila deni na bila manung'uniko ameshaitunza nyumba yake.

Allah azitie baraka riziki zetu, chache na nyingi. Amin.