Simu Juu ya Pikipiki: Salamu Kutoka Mbale

Wapendwa wasomaji wa jarida letu la mwezi,

Wazazi wengi mmetuuliza habari ya vijana wanaotaka kuja huku kuendesha boda: wanunue nini kwanza? Helmeti, ndiyo, hiyo haina mjadala. Jaketi ya kung'aa pia. Cha tatu, sisi tunasema, ni holda nzuri ya simu. Msicheke kwanza.

Mwenyeji wa hapa anaijua Namatala na Nkoma bila kuuliza mtu. Sisi tumetoka Nakivale, na kabla ya Nakivale ni Kivu, na Lumasaba tunaongea kwa kubahatisha. Kiswahili mjini kinasikika, shauri ya biashara na Kenya, lakini ukipanda kuelekea Wanale kinakuishia njiani. Mteja anakutumia mahali alipo kwa WhatsApp, basi ramani ndiyo inakuwa mdomo wako. Wengine wanachomeka telefone ndani ya helmeti, karibu na sikio, wengine wanashika mkono mmoja usukani na mkono mwingine simu. Kushika simu mkononi ukiendesha ni kosa kwa sheria ya Uganda, na hata askari asipokuona, shimo la barabara linakuona.

Halafu kuna pesa. Mnajua wenyewe: mwaka 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi Uganda ulianza kugawanywa kwa makundi, na mwaka 2025 WFP ikawaondoa watu kama milioni moja kwenye msaada huo. Tunachopata jioni tunakituma kwa simu. Simu ikianguka leo chini ya taksi, kesho kuna nyumba huko ambayo haijapokea kitu. Ni kweli kwamba tangu 2019 mkimbizi anaruhusiwa kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho ya familia. Lakini barua ya familia mara nyingi iko kambini kwa mama, na wewe uko Mbale. Kurudisha laini ni safari.

Sasa holda zenyewe. Ya bei ndogo ni ya plastiki yenye springi: inabana simu pande mbili tu. Kwenye lami inakaa vizuri, kwenye barabara ya mawe inafunguka mdomo yenyewe. Mwenzetu mmoja wa steji simu yake iliruka hivyo mchana kweupe, na gari la nyuma halikuwa na habari. Hiyo sisi hatuishauri hata ukipewa bure. Kuna ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Huu unafaa wakati wa mvua, na mvua ya Mbale si ya mchezo, mnakumbuka mafuriko ya mwisho wa Julai 2022 mito ilipoingia mjini. Ubaya wake ni jua: simu ndani ya mfuko inachemka, skrini inafifia, mwisho inajizima mteja akiwa anakungoja.

Tunayoipenda sisi ni ya chuma yenye kucha nne, inayoshika simu kwenye pembe zote nne na kukazwa kwa skrubu nyuma. Inafungwa kwenye bomba la usukani au chini ya kioo cha pembeni, kwenye bolti yake. Usiifunge hivihivi. Kata kipande cha chubu, zungusha kwenye bomba kwanza, ndipo ukaze. Mpira unashika, tena unapunguza mtetemo. Mtetemo huo si maneno ya mafundi tu: Septemba 2021 kampuni ya Apple ilionya kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki, ukipitia kwenye usukani, unaweza kuharibu kamera za baadhi ya simu zake. Na Boxer zetu za silinda moja mnajua zinavyotetemeka! Skrubu nazo zinalegea kwa mtetemo huohuo, basi kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza tunazipitia kwa mkono.

Kuna jambo moja vijana wanalisahau kabisa. Ukimaliza kufunga, kata usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia. Holda isiguse tangi, isivute waya wa klachi wala wa mafuta. Waya wa mafuta ukinaswa kwenye kona, pikipiki inaweza kukimbia yenyewe, na hapo hatuongei tena habari ya simu. Isifunike pia mita. Kisha funga kamba ya kiatu kutoka kava ya simu mpaka usukani. Kucha zikiachia, kamba inabaki.

Wezi wapo kama kila mji. Ukisimama kwenye foleni usiku, au ukishuka hata dakika moja kununua chapati, toa simu uweke mfukoni. Ndiyo maana hatupendi holda inayohitaji spana kufungua. Na meseji zingoje. Ramani unaitazama kabla ya kuondoka. Simu ikiita unasogea pembeni unasimama. Abiria wa nyuma ana watoto wake.

Bei huku tumeuziwa kati ya shilingi 15,000 na 40,000, na muuzaji akisikia lafudhi yako anaongeza. Tafuteni mwenyeji wa kwenda naye dukani. Wale wanaokuja mwezi ujao, chubu msinunue huku: fundi wa baiskeli hapo kambini anazitupa, mtuletee mbili tatu.

Wasalaam,
Sisi wa steji, Mbale