Subira Ina Bei Yake

Kwetu Likoni, ukitaka kumuudhi mamangu, mtajie hisa.

2008 serikali ilipouza hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, stori ilikuwa hiyo tu, mpaka kwa foleni ya feri. Mimi nilikuwa nasari. Mama akakopa elfu 50 benki, akaomba. Waombaji walizidi hisa zenyewe mara kadhaa, kwa hivyo akapewa kidogo, pesa nyingine akarudishiwa. Riba nayo haingoji mtu. Mapema 2009 bei ikashuka chini ya 3. Benki inadai, shule inadai. Akauza.

Hisa hizohizo 2021 zilipita shilingi 40.

Nikisimulia hii, kuna wale huniambia ati mama alikosa subira. Wee! Mama ameamka saa tisa usiku kukanda mahamri miaka yote hiyo. Subira anayo. Alichokosa ni pesa isiyodaiwa na mtu.

Hilo sikulielewa mpaka yakanikuta. Mwisho wa 2023, nishaacha chuo, nikalipwa tangazo langu la kwanza. Safaricom ilikuwa imeporomoka mpaka karibu 13. Wawekezaji wa nje walikuwa wanatoa pesa zao, na biashara mpya ya Ethiopia ilikuwa inakula mtaji. Lakini kila tuktuk niliyopanda, nililipa kwa M-Pesa. Nikajiambia, bei imeanguka, kampuni haijaanguka. Nikanunua 600, nikajiita mwekezaji wa muda mrefu.

Muda mrefu wenyewe haukumaliza mwaka. 2024 simu yangu ya kazi ilitumbukia baharini pale feri. Bila simu sina kazi, na akiba sikuwa nayo. Nikauza hisa 400.

2025 bei ikapita 25. Nilikuwa nimebaki na 200. Gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa, yaani 240 kabla ya kodi. Sahani ya biriani, ukibahatika.

Kwa hivyo ukiona mtu anakwambia "nunua, kaa, subiri", muulize: nitakula nini nikisubiri? Weka kwanza akiba ya dharura. Usinunue hisa kwa mkopo. Na usidhani kila kilichoanguka kitaamka. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa sokoni 2020 mpaka Januari 2025. Waliokuwa nazo hawakuchagua kusubiri, walifungiwa. Uliza kwanza kilichoiangusha bei, na kama kampuni bado inaingiza pesa.

Zile 200 sijaziuza. Juzi mama akanikuta naangalia bei kwa simu. Akapita, akarudi, akajifanya anapanga vikombe.

"Hiyo yako siku hizi ni ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Usiuze. Ukikwama, niambie mimi kwanza."