Bumu, Laptopu na Jua la Asubuhi

Rumeti wangu anasoma usanifu majengo, mimi nasoma ualimu. Muhula uliopita nusura bumu lake lote liishie kwenye kompyuta mpya. Alitaka kutumia Lumion kwa sababu wenzake darasani wanaitumia na picha zao zinang'aa. Lakini Lumion inadai kadi ya grafiki yenye nguvu, na laptopu yake haina.

"Sasa utakula nini?" nikamuuliza. Kimya.

Nikamwambia tunavyofundishwa sisi: lengo la somo kwanza, zana baadaye. Picha yako inatakiwa ionyeshe nini? Akajibu, jua la asubuhi linavyoingia darasani. Basi, hapo miti inayotikisika na magari yanayopita ya nini?

Akapakua Blender, ya bure. Kuizoea kulimla wiki mbili. Cycles, injini yake ya kurenda, inafanya kazi hata kwa prosesa tupu, ila polepole mno. Aliiwasha saa nne usiku, tukalala feni ikivuma. Asubuhi picha ilikuwa na chengachenga kwenye vivuli, lakini jua lilikuwa limeangukia madawati, palepale alipotaka.

Unayechagua programu, usianze na picha ya mwenzako. Anza na mashine uliyonayo, na swali ambalo picha yako inapaswa kujibu. Sisi tulikula mpaka mwisho wa muhula.